Mashini ya Sukari ya Paka Abakosi

Juzi binti mmoja wa Alunguli alivuka mto kuja kwangu na kapu la sokoni lililofungwa kitambaa juu. Ndani ya kapu paka alikuwa analia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Binti aliliweka kapu chini, akafuta jasho, hakugusa hata maji niliyompa, akauliza moja kwa moja.

"Mama Labo, walipima paka yangu, wanasema iko na sukari. Mu telefone naona mashini za kupimia ziko mingi sana. Ya bei ya chini njo gani?"

Nilicheka mpaka miwani ikateleza puani. Sikumcheka yeye, kuuliza si ujinga. Nilicheka kwa sababu swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale, niliulizwa zamani nchi ikiitwa Zaire, na aliyeniuliza alikuwa mfanyabiashara mzima, amevaa abakosi ya kijivu iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimwambia binti akae, nikammiminia chai. Ninyi mnaosomea kazi ya kutibu wanyama, mnaonijia kila likizo kuniuliza zamani tulifanyaje bila vitu vyenu vya sasa, kaeni naye. Jibu lenyewe ni fupi, lakini lina mkia, na mkia huo ni mweusi.

Mimi nilikuwa muuguzi wa mifugo hapa Kindu, na zaidi ya hapo nilikuwa mtu wa maabara. Ndiyo maana jina la Mama Labo limenishika hata leo ambapo sina labo, nina kuku tu. Labo yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, hadubini inayotumia kioo na jua, taa ya spiriti, na frigo ya petroli ya kuwekea chanjo, iliyokuwa inakohoa kuliko wagonjwa. Mawingu yakifunika jua, kazi ya hadubini inasimama, tunakunywa chai.

Mkubwa wangu alikuwa Dokta Mulumba, mtu wa Kasai, mnene, mpole, mwenye kicheko cha kutikisa meza. Alisomea ng'ombe kwa miaka mingi, kisha serikali ikamtuma Kindu, mahali ambapo ng'ombe anashuka kwenye treni na kesho yake yuko sahanini. Hakunung'unika. Alijifunza mbuzi, nguruwe, bata, na mbwa wa watu wakali. "Munyama ni munyama, Mama Labo," alikuwa akiniambia, "sura njo inabadilika." Paka peke yake ndiye aliyemshinda. Akiletewa paka alikuwa anasimama mbali kidogo, mikono ndani ya mifuko, ananiachia mimi.

Basi, yule mfanyabiashara. Papa Kambale alikuwa Mnande aliyetoka Butembo. Alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge, stoo ya mchele nyuma yake, na lori lililokwenda Lubutu likirudi na matope mpaka kwenye kioo. Alikuja Kindu na mke wake, Mama Kavira, naye Mama Kavira alikuja na mtoto wa paka ndani ya kikapu. Paka mweusi kila mahali, hana hata unyoya mmoja mweupe shingoni. Mnajua abakosi ilikuwa nini: koti la wakati ule, serikali iliamuru wanaume walivae bila shati jeupe wala tai. Mama Kavira alisema paka huyu anatii amri ya serikali kuliko wanaume wote wa soko, akamwita Abakosi. Akamlea kama mtoto wa mwisho. Akikaa kwenye kiti chake kifupi kuchambua mchele au kusuka nywele za jirani, paka yuko mapajani, amefungwa ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga chenye picha za samaki.

Kisha Mama Kavira akafariki. Kwa desturi ya kwao, matanga yakiisha, nguo za mwanamke zinarudi kwa ndugu zake. Dada yake mkubwa, Masika, aliyekuwa anauza samaki wakavu hapa sokoni, alikuja kuzikusanya. Zote zilipatikana isipokuwa kile kikwembe cha samaki. Masika hakuwa mchoyo, ila alikuwa mtu wa haki. Kikwembe kile alimnunulia mdogo wake yeye mwenyewe, na mama yao kule Butembo alikuwa anakiulizia.

"Shemeji, kile kikwembe ya samaki kilipatikana?" alikuwa anauliza kila akipita dukani.

Papa Kambale, aliyekuwa anamwita Yaya, yaani dada mkubwa, anatazama dari. "Yaya, labda kilibakia Butembo."

Masika anaguna, ananunua sabuni, anakwenda zake. Soko zima lilikuwa linajua mazungumzo hayo kwa moyo.

Kuhusu paka, Papa Kambale alimwambia kila mtu kwamba anamfuga kwa ajili ya panya. Paka akiondoka, panya hutawala, alisema, na mimi ni mtu wa mchele. Uongo mtupu. Abakosi alikuwa mzee, na panya wa stoo ile walikuwa wanapita mbele yake na kumsalimia. Ukweli niliuona siku nilipoingia dukani hakuna mteja. Papa Kambale alikuwa anakunywa chai, anamimina maziwa ya kopo, yale mazito matamu, ndani ya kisosi cha paka, na anamweleza habari ndefu kwa Kinande. Mtu ambaye kwetu sisi maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Nilirudi nyuma pole pole nikabisha mlango upya.

Maziwa yale ya kopo nadhani mmeshaona yanatupeleka wapi.

Ugonjwa ulijulikana kwa sababu ya mchele. Mteja mmoja alirudisha gunia akisema limejaa sisimizi. Papa Kambale alichunguza, akakuta mstari wao unaelekea kona moja tu ya gunia, pale paka alipokojoa. Wakati huo Abakosi alikuwa amekonda mpaka uti wa mgongo umesimama, na maji ya mtungi alikuwa anayanywa bila kupumzika. Papa Kambale akamtia ndani ya gunia tupu, kichwa nje, akaja naye labo kwa miguu.

Dokta alisikiliza habari ya sisimizi mpaka mwisho. "Papa, nazania ni sukari," alisema. "Lakini sisimizi haina diploma. Tupime mukojo kwanza."

Wadogo zangu, kukamata mkojo wa paka ni shule nyingine. Paka hakojoi kwa amri ya daktari. Nilimfuata Abakosi uani kwa Papa Kambale nikiwa na upawa wa supu nilioufunga kwenye fimbo. Mimi nanyata, yeye ananitazama, anaghairi, anahamia kwingine. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakinipa mashauri. Hatimaye nilipata kiasi cha kutosha, tukakitia ndani ya dawa ya buluu na kukichemsha juu ya taa ya spiriti. Mkojo ukiwa salama, dawa ile inabaki buluu. Sukari ikiwemo inakwenda kijani, halafu manjano, halafu rangi ya tofali. Yetu ilipita kijani na manjano bila kusimama, ikafika kwenye tofali.

"Itakufa?" Papa Kambale aliuliza.

"Tukifanya kazi muzuri, apana," alijibu Dokta. "Kuko dawa ya sindano. Lakini dawa ile ikipita kipimo, inaua mbio kuliko ugonjwa."

Papa Kambale aligeukia dirisha. "Mufanye muzuri, Dokta. Hii paka ikikufa, mu ile nyumba tunabakia miye na chumvi."

Siku hiyo hakutaja panya. Nami nikajifanya ninaosha chupa.

Insulini tuliipata hospitalini, tukaiweka ndani ya frigo inayokohoa, karibu na chanjo za mbwa. Shida ilibaki kwenye kupima. Mkojo unakusanyika pole pole, kwa hiyo habari zake ni za zamani. Ni sawa na mtu anayekuletea habari ya matanga watu wakiwa wameshatawanyika. Damu ndiyo inasema ya sasa. Tulihitaji mashini ya kupima damu, ile ya watu, maana ya paka hatukuwahi hata kuisikia. Ndipo Papa Kambale akaniuliza: "Mama Labo, ya bei ya chini njo gani?"

Mfanyabiashara akianza kutafuta kitu, anatafuta kweli. Mashini ya kwanza aliletewa bure na rafiki aliyetoka Ulaya. Ilikuwa kubwa sawa na redio ya baba yangu, pamoja na katoni nzima ya karatasi zake. Mashini za wakati ule zilifanya kazi hivi: unaweka tone la damu kwenye kikaratasi, unangoja, unafuta kwa pamba, rangi inabadilika, mashini inaisoma na kutoa namba. Kitu cha bure kilitufurahisha sana, na Dokta akajitolea kidole chake kiwe cha kwanza. Mashini ikafikiri, ikatoa namba ya kutosha kutia utamu chai ya harusi. Dokta akakaa chini. Kwa siku nyingi alikunywa chai bila sukari, akawa mkali, akaanza kunionyesha funguo za kabati zinawekwa wapi, kwa lolote litakalotokea. Mpaka siku nilipojipima mimi, nikampima mlinzi, nikampima na mama aliyeleta bata wake, na sisi sote tukawa na sukari ya harusi. Nikaigeuza katoni. Muda wa karatasi zile ulikuwa umekwisha zamani, na unyevu wa safari umeziingia. Dokta aliagiza chai, akaijaza sukari mpaka kijiko kikasimama.

Kwa hiyo ukipata mashini mpya, au karatasi mpya, jipime wewe mzima kwanza kabla ya kumgusa paka.

Ya pili ilikuja kwa ndege kutoka Goma. Nzuri ajabu, inaingia mfukoni, ina ala ya ngozi, na ikimaliza kazi inalia kama kifaranga. Muuzaji aliiacha kwa bei ya kutupa, na Papa Kambale alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Nikamuuliza muuzaji, karatasi zake zinapatikana wapi? Akasema Bujumbura. Na zikiisha? Bujumbura. Dokta alimrudishia ala yake ya ngozi kwa heshima zote.

Hapa ndipo wengi mnaanguka. Mashini unainunua mara moja, karatasi utazinunua maisha yote ya paka. Mashini bila karatasi ni redio bila majiwe, yaani betri, utabaki kuipangusa vumbi. Usianze na bei ya mashini. Uliza karatasi zake zinapita barabara gani, na lori linalozileta linakwama wapi.

Tulipouliza hivyo, jibu likawa Kalima, kwenye machimbo. Kule palikuwa na mganga mmoja wa hospitali anayetumia mashini ya sura mbaya, rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na karatasi zake zilikuwa zinamfikia bila kukatika. Alikuwa na nyingine ya akiba. Bei yake haikuwa ya chini kuliko zote, wala haikulia kama kifaranga, lakini ilitosheka na tone dogo, na sikio la paka halitoi zaidi ya hapo. Papa Kambale aliilipia kwa chumvi na sabuni. Wakaagana, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake.

Kupunguza gharama, tulitafuta pia karatasi za kusoma kwa macho, zile unazolinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo. Hizo zilitoka Kisangani kwa njia ya Lubutu. Za macho unaweza kuzipasua kwa wembe kwa urefu, moja ikawa mbili. Za mashini usithubutu, mashini itakudanganya bila haya. Zote tulizitunza ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, pamoja na mchele uliokaangwa mkavu na kufungwa kwenye kitambaa, maana hewa ya Kindu inalowesha hata chumvi. Mchele ule unakunywa unyevu, na ukilegea unaukaanga tena. Na sikio la paka lipashe kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto. Lipakaze vazelini kidogo sana, tone lisimame lisitawanyike kwenye manyoya. Choma ukingoni, pamba ikiwa upande wa pili. Habari ya pamba nilifundishwa na kidole changu mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kosa letu. Enzi zile kitu kipya hakikuanza kazi bila shangwe. Hata bomba la maji lilifunguliwa kwa nyimbo na ngoma. Papa Kambale, na ukimya wake wote, hakutaka mashini yake ianze kazi kama yatima. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, watu wakiwa bado na majembe na fagio mikononi, baraza la duka lilijaa. Akina mama wa soko walikuja na sare za chama, wakaimba na kukata viuno, mmoja wao anapiga debe. Chefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alihutubia juu ya maendeleo. Wabeba mizigo wa duka walimshika Abakosi, mmoja miguu ya mbele, mwingine ya nyuma. Masika, aliyekuja kwa ajili ya sabuni na swali lake, alikabidhiwa mkia, ingawa mkia haukuhitajika. Nilichoma sikio. Namba ikatoka kubwa, na watu wakapiga makofi.

"Iko juu sana," Dokta alisema. "Tuongeze dawa kidogo."

Jumamosi iliyofuata watu walizidi, maana sifa zilienea, na palikuwa na mama anayeuza karanga. Namba ikatoka kubwa kuliko ile ya kwanza. Dokta akakuna kichwa, akaongeza dawa tena.

Siku chache baadaye nilikuwa dirishani na hadubini yangu nikaona kitu ambacho Kindu haikuwahi kukiona: Papa Kambale anakimbia. Mtu yule kila siku alitembea kama anayepita mbele ya viongozi. Leo vifungo vya abakosi vimeachia, kiatu kimoja hakipo, na paka amelegea mikononi mwake.

"Mama Labo, alitembea sawa mulevi wa lotoko, kisha akaanguka. Fanya kitu."

Nilikuwa na asali ya msituni niliyoificha kwa ajili ya kikohozi changu. Nikampaka kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo asipaliwe, Dokta akimsugua miguu na kusahau kabisa kwamba anaogopa paka. Nikachoma sikio. Abakosi hakuhisi kitu, na namba ilikuwa imeshuka karibu na mwisho wa mashini. Papa Kambale alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, anamsemesha paka sikioni kwa Kinande. Niliogopa sana. Nilipaka tena asali, na tena. Mwishowe ulimi ukatoka, ukalamba kidole changu. Halafu Abakosi akanikwaruza mpaka damu ikatoka, na sijawahi kufurahia jeraha namna ile.

Dokta aliketi, akaichukua mashini.

"Mashini haikudanganya," alisema. "Jumamosi sukari ilikuwa juu kweli, na leo iko chini kweli. Mama Labo, mbuzi ikifukuzwa sana mbele ya kuchinjwa, nyama yake inakuwa namna gani?"

"Inakuwa nyeusi, Dokta, inakauka. Woga inaharibu nyama."

"Njo vile. Woga inageuza mwili yote. Na mu damu ya paka inatia sukari, nilisoma hiyo ku masomo, nikaisahau juu ya kelele ya debe." Akaanza kucheka kicheko chake, meza ikatikisika, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Tulipima debe, tulipima hotuba ya chefu, tulipima na karanga. Paka yenyewe hatuyaipima bado."

Basi tukaanza kutafuta utulivu. Tulimpima labo: harufu ya mbwa ikamvimbisha mkia, namba juu. Tulimpima dukani milango imefungwa, sisi watu wazima tunanong'ona kama wezi. Lakini aliliona tu bati la karatasi akaingia nyuma ya magunia. Dokta alikuwa amepunguza dawa sana kwa kuogopa tuliyoyaona, na paka akaanza tena kumaliza mtungi, mifupa ikajitokeza upya. Siku moja pale dukani Dokta alisema wazi.

"Papa, nikimupa dawa kidogo, sukari inamumaliza. Nikimupa mingi, dawa inamumaliza. Bila namba ya kweli, miye niko nabahatisha tu, na bahati yetu tulishaimaliza siku ya asali. Kuko fasi moja paka hii haiogopake?"

Masika alikuwa amesimama kwenye kaunta na kipande cha sabuni mkononi. Tangu Dokta alipopiga marufuku maziwa ya kopo, yeye ndiye aliyekuwa anamletea Abakosi samaki, na alikuwa amesikia yote. Papa Kambale alimtazama Masika, kisha akatazama dari kama kawaida yake. Safari hii dari haikumsaidia. Aliingia chumba cha nyuma, tukasikia kitanda kikilia na godoro likinyanyuliwa.

Alirudi na kikwembe cha samaki.

Kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimejaa manyoya meusi. Hakikufuliwa tangu matanga. Harufu yake hata mimi niliitambua, mafuta ya nywele na moshi wa jikoni, harufu ya Mama Kavira. Papa Kambale alikaa kwenye kile kiti kifupi cha mke wake, magoti yakamfikia kidevuni, akakitandaza mapajani na kuinamisha kichwa mbele ya shemeji yake. Abakosi akatokea nyuma ya magunia bila kuitwa. Akapanda, akajizungusha, akalala, akaanza kukoroma kwa raha.

Nilimtazama Masika. Ulimi wa mwanamke yule soko zima liliuheshimu, na nilijiandaa kwa kishindo. Aliweka sabuni chini. Akapita nyuma ya kaunta, akachuchumaa, akashika pindo la kikwembe.

"Shemeji, vile haumufunge muzuri," alisema. "Mudogo yangu alikuwa anapitisha pindo huku, chini ya kidevu. Masikio inabakia inje."

Akafunga mwenyewe. Papa Kambale alianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao, Masika akamfuatia. Nikapasha sikio, nikapakaza vazelini, nikachoma. Abakosi alifungua jicho moja, akalifunga. Tukangoja, nikafuta, nikaingiza karatasi. Namba ikatoka: bado juu, lakini ya paka anayeweza kupona.

"Kumbe njo weye," Dokta aliiambia ile namba. "Tulikutafuta sana."

Tangu siku hiyo tulipima hivyo hivyo, mlango umefungwa, kiti kile, kikwembe kile. Nilimfundisha Papa Kambale kuchoma mwenyewe, akawa na mkono mwepesi kuliko wangu. Kwa zile namba za utulivu Dokta aliipata dawa kwenye kipimo chake, akiipandisha pole pole, hakimbilii kila namba. Namba moja ni umbea, wadogo zangu. Namba za siku nyingi zikikubaliana ndizo habari. Abakosi akajaa tena mwilini, na panya wa stoo wakaacha kumsalimia.

Masika hakuuliza tena juu ya kikwembe. Aliendelea kuja kununua sabuni, na nilikuwa najiuliza sabuni yote ile anaifulia nini. Miaka ilipita. Abakosi alikufa kwa uzee, amelala juani juu ya gunia la mchele, tumbo limeshiba samaki. Papa Kambale alimzika uani, na sisi tuliokuwepo tulilia bila kuoneana aibu. Kisha Masika akaingia chumba cha nyuma, akatoka na kikwembe, akaniomba wembe wangu. Akakipasua kwa urefu, kama alivyoniona nikipasua karatasi za kupimia.

"Hii ya mama, ku Butembo," alisema. "Na hii yako, Shemeji. Usiifiche tena chini ya godoro. Inakunjika vibaya."

Papa Kambale aliitandaza nusu yake juu ya kiti kifupi, pale dukani, wateja wote wakiiona.

Nilipofika hapo, chai ya binti wa Alunguli ilikuwa imepoa. Nikamjibu swali lake. Nilimwambia aulize maduka ya dawa ya hapa Kindu kabla ya kuuliza telefone, anunue mashini ambayo karatasi zake zinauzwa karibu na hazijapita muda, inayotosheka na tone dogo, na ajipime yeye kwanza. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akafungua kapu anionyeshe mgonjwa.

Paka alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa amejikunja juu ya shati la kiume la buluu, limetoboka kiwiko, amezamisha pua ndani ya kola.

"Shati ya nani?" nilimuuliza.

"Ya baba," alisema, akalirekebisha kidogo kwa vidole. "Alienda ku Kalima kuchimba. Hayarudia bado."

Niliweka maji motoni nimwonyeshe jinsi ya kupasha sikio, nikashusha bati langu la mchele wa kukaanga akatilie karatasi atakazonunua.

"Ile shati usiifue, mama," nilimwambia. "Tutapimia mulemule."